Kabla ya Amina

Mwanamke yule aliingia ofisini Jumanne asubuhi, Abigael Akiru akiwa anapanga vikombe vya chai, akasimama mlangoni huku akichuruzika maji. Nje, Lodwar ilikuwa imekauka hata mbuzi walikuwa wameacha kuinusa ardhi. Maji yalimtoka mwanamke kwenye pindo za gauni, kwenye ncha za vidole na kwenye visigino, yakaanza kufanya kidimbwi juu ya sakafu ambayo Abigael alikuwa ametoka kuipiga deki.

"Ejok," mwanamke akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi. Karibu, mama. Tukusaidie na nini?"

"Nimekuja kuuliza barua ya mwaliko. Kikao cha Baraza kiko karibu na mimi sijapata."

Abigael alimweleza kwa upole kwamba barua hizo hupewa wajumbe wa Baraza la Ushauri peke yao.

"Mimi ni mjumbe. Adeng Mawien. Nawakilisha wajitoleaji."

Abigael akaweka kikombe chini. Jina hilo alilijua tangu Januari, alipohamishiwa ofisi ya Lodwar. Lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha mezani kilicholala kifudifudi katika droo ya chini ya kabati. Adeng Mawien, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mjitoleaji wa Kakuma, alichukuliwa na Mto Tarach mwezi wa Novemba akiwa amebeba sanduku la chanjo kichwani. Sanduku lilipatikana siku ile ile. Yeye alipatikana baadaye.

"Lakini wewe si ulikufa?"

"Nilikufa," Adeng akasema. "Ndiyo maana nimekosa vikao viwili. Jelagat yuko?"

Jelagat, Katibu wa Baraza, alikuwa mwanamke wa Eldoret aliyependa kila kitu kiwe mahali pake. Alimtazama Adeng, akaitazama sakafu, akamwita Ekwam, mlinzi wa lango, alete beseni. Adeng akakalishwa kitini, beseni likawekwa chini yake, na Jelagat akafungua kijitabu cha kanuni.

"Mjumbe ataacha kuwa mjumbe," akasoma, "akijiuzulu kwa maandishi; muhula wake wa miaka mitatu ukiisha; akifungwa jela; daktari akithibitisha kwamba hana akili timamu; au akikosa vikao vitatu mfululizo bila kutoa udhuru kwa maandishi." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Kufa hakumo."

"Kufa hakumo?" Abigael akauliza.

"Walioandika walikuwa Nairobi. Pengine halikuwajia akilini. Mimi siwezi kuongeza neno langu." Akamgeukia Adeng. "Pole kwa msiba, mama. Hivyo vikao viwili, una udhuru wowote wa maandishi?"

"Nilikuwa sijazoea."

"Basi uandike sasa."

Adeng akapokea karatasi na kalamu. Karatasi ililowa mkononi mwake, ikawa uji, ikadondoka ndani ya beseni. Jelagat akampa nyingine. Nayo ikawa uji.

"Basi jitahidi usikose cha tatu," Jelagat akasema, akakifunga kijitabu.

Baraza lenyewe lilikuwa na viti saba. Kimoja cha Mwenyekiti, viwili vya wajumbe wa Nairobi waliohudhuria kupitia skrini, kimoja cha kaunti, kimoja cha makanisa, kimoja cha wenyeji, na kimoja cha wajitoleaji. Akidi ilikuwa watu watano. Lilikutana kila baada ya miezi mitatu kumshauri Mkurugenzi wa Wakala wa Kujitolea, na Mkurugenzi alitakiwa na kanuni kuzingatia alichoshauriwa. Hakuna kanuni iliyosema akishazingatia afanye nini.

Kiti cha wajitoleaji ndicho alichokuwa akikisubiri Abigael. Alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii na miaka minne ya kujitolea. Alikuwa amejitolea Lokichar, akajitolea Kalemng'orok, akajitolea Kalokol, na kila alikotoka watu walimshukuru kwa makofi. Muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, na hauongezwi ila kwa mjitoleaji aliye mjumbe wa Baraza. Wajitoleaji wa Lodwar walikuwa wameshampendekeza. Kiti kingekuwa wazi kikao cha tatu kikifungwa bila Adeng, na Jelagat, ambaye hakupenda kufanya mambo dakika ya mwisho, alikuwa ameshachongesha kibao kipya: ABIGAEL AKIRU, MJUMBE. Abigael aliwahi kukipeleka nyumbani kwake jioni moja, akakisimamisha mezani, akala chakula chake mbele yake. Mama yake kule Kataboi alikuwa ameshachinja mbuzi na kuwaambia wakausha samaki wote wa ufukweni kwamba binti yake anakwenda kukaa pamoja na serikali.

Kwa hiyo Abigael alimtazama Adeng juu ya kile kiti, akavirudisha vikombe vya chai kabatini.

*

Adeng hakurudi Kakuma siku hiyo. Alisema kwa vile amefika, atasaidia kazi, na akasaidia. Hakuweza kugusa karatasi, basi alikaa nje kwenye kibaraza, beseni chini yake, akipokea watu.

Maji yake yalikuwa matamu. Ekwam ndiye aliyegundua, alipokwenda kuyamwaga akaona ni hasara, akaonja.

"Hii maji yako haina chumvi kabisa, mama," akasema. "Ile ya bomba ni kama imetoka baharini."

Kufikia Alhamisi akina mama wa mtaa walikuwa wanapanga mitungi langoni. Mwarobaini aliokuwa ameupanda Ekwam miaka miwili nyuma, ambao muda wote huo ulikuwa fimbo tu iliyochomekwa mchangani, ulitoa majani. Mbuzi wakaja kuyatazama. Afisa wa maji wa mtaa naye alikuja, akauliza kama yule mama ana leseni ya kuuza, akaambiwa hauzi, akajaza chupa yake akaondoka.

Abigael aliyaona haya yote kutoka dirishani. Aliona Jelagat, ambaye kwa miezi mitano hakuwahi kukumbuka kwamba Abigael hanywi sukari, akimtilia Adeng chai ya maziwa mengi na tangawizi bila kuuliza. Chai haikumfaa kitu; ilipita ikaishia kwenye beseni. Lakini alitiliwa. Aliona wajitoleaji waliokuja kuchukua fulana wakimpita yeye mezani na kwenda kupiga magoti mbele ya Adeng, wakimweleza habari za posho ya nauli, za mabuti yaliyopasuka, za msimamizi wa kule Kalobeyei anayewaita kwa mluzi. Adeng alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Mara moja moja alicheka, na akicheka maji yalimruka mabegani kama mbwa aliyetoka mtoni, na watu wakacheka naye huku wakijifuta nyuso.

Mama yake Abigael alimpa jina la Akiru kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Watu wa Kataboi walisema mtoto huyo atakuwa na baraka ya maji. Katika maisha yake yote hakuwahi kuotesha hata mnyonyo. Akamtazama yule marehemu na mwarobaini wake, akawaza kwamba hata kufa, Adeng amekufa vizuri kuliko yeye anavyoishi. Aliona aibu kuwaza hivyo. Hakuacha kuwaza hivyo.

Jumamosi alimfuata kibarazani.

"Mama Adeng, nikuulize. Kwa nini umerudi? Si ungepumzika?"

"Nina jambo langu halijaisha. Kamba."

"Kamba gani?"

"Pale Tarach, watu wa kujitolea wanapovukia na chanjo. Nilishauri mara tatu, kwenye kikao, na kamera ya Nairobi ikinitazama. Nikasema fungeni kamba ya chuma, ng'ambo mpaka ng'ambo. Ama mvua ikija, msitume watu. Mara tatu wakasema ushauri umepokelewa." Akakamua pindo la gauni lake, ingawa haikusaidia. "Mara ya nne nikavuka mimi."

Abigael akaingia ndani akamuuliza Jelagat kama ni kweli.

"Ni kweli kabisa," Jelagat akasema. "Ulipokelewa mara zote tatu."

"Sasa mbona hakuna kamba?"

"Dada, hili ni Baraza la Ushauri. Linashauri. Halifungi kamba." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko upande gani. Kisha akaongeza, "Na wewe ukiingia, jifunze hilo mapema, usije ukaumia roho."

Abigael akarudi mezani kwake. Alisikia uchungu kwa ajili ya kamba. Alikuwa mtu wa huruma, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini chini ya uchungu huo kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa hili: hata malalamiko, Adeng alikuwa na mazuri kuliko yake.

*

Siku chache kabla ya kikao, Adeng alisema anakwenda Kakuma.

"Kufanya nini?" Abigael akauliza. "Si ukae tu hapa, kikao ni hapa?"

"Kuuliza watu. Siwezi kukaa kwa kiti cha watu na sijawauliza wanataka niseme nini."

Abigael alikuwa ameshaandaa hotuba yake ya kwanza ya ujumbe, na alikuwa ameirekebisha mara kadhaa, na hakuwa amemuuliza mtu yeyote chochote.

Walisimama langoni kungoja lori. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, hakuna wingu hata la kusingizia.

"Nikuombe kitu kidogo," Adeng akasema. "Mimi nikichelewa, usiache wafunge. Nisubirini."

"Mimi si mjumbe, mama. Mimi huwa naandika kumbukumbu tu na kugawa soda."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe. Utaniahidi?"

Abigael aliitazama mbingu. Cha kumchelewesha kilikuwa mafuriko tu, na kuahidi habari ya maji wakati wa kiangazi hakumgharimu mtu, na barabara ya Kakuma ilikuwa lami tupu.

"Nimeahidi," akasema.

Adeng akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na Abigael, jasho likimtiririka mgongoni, hakutaka kuuachia, na hilo nalo akamwonea wivu. Lori la mbuzi likasimama. Dereva alimtazama abiria wake kuanzia juu mpaka chini.

"Mama, mbele utanilowanishia kiti. Panda huko nyuma na mbuzi."

Adeng akapanda. Lori lilipoondoka, mbuzi walikuwa wameshamzunguka wanalamba pindo la gauni.

*

Usiku wa kuamkia kikao mvua ilinyesha Uganda, milimani, mbali na macho ya mtu yeyote wa Lodwar. Asubuhi jua liliwaka kama kawaida, na Tarach ikashuka Kakuma imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, ikivuta miti.

Zéphyrin alipiga simu Abigael akiwa anapanga vibao mezani. Alikuwa Mkongomani wa Kakuma, mjitoleaji aliyekuwa akibeba chanjo pamoja na Adeng.

"Abigael, maji iko mingi sana. Mama Adeng iko ngambo ile ingine, alienda kuuliza batu ya kule. Hawezi kupita."

"Si ameshakufa? Maji yatamfanya nini tena?"

"Eh, dada, mto ilishamukamata mara moja. Sasa inamujua. Akitia muguu tu, inamuvuta."

Abigael akakata simu. Mkononi alikuwa na vibao viwili. Jelagat alikuwa amemwambia aweke kile cha Adeng kwa sasa, na kile kipya akiweke karibu, kwa sababu kiti kingekuwa wazi mara tu kikao kitakapofungwa, na picha za wajumbe zingepigwa papo hapo. Akaweka kibao cha Adeng mbele ya kiti kitupu. Chake akakiweka mapajani, chini ya daftari.

Mwenyekiti, Mzee Lokeris, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Alifungua kikao kwa maombi, akawakaribisha wajumbe wa Nairobi, mmoja akiwa na sauti bila sura na mwingine sura bila sauti, akahesabu akidi, akaona imetimia. Wakapitia kumbukumbu za kikao kilichopita. Wakashauri kwamba fulana za wajitoleaji ziwe za rangi ya bluu. Wakashauri siku ya kujitolea iadhimishwe kwa matembezi.

Wakati wa chai simu ililia tena.

"Tumemuvusha!" Zéphyrin alikuwa anahema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi na za maji. "Dada, batu bote walishikana mikono, toka huku mpaka kule. Watu ya Burundi, ya Sudan, Waturkana, bote. Tulikuwa kama kamba. Yeye akapita akitushika mumoja mumoja. Olive, mwenzetu wa chanjo, maji ilimufika hapa kwa shingo, lakini alishika. Sasa amepanda lori. Iko njiani, iko njiani!"

"Sawa," Abigael akasema. "Asante."

Akarudi ukumbini. Mzee Lokeris alikuwa anatazama saa. Wajumbe wa Nairobi walikuwa wameomba wamalize mapema, wana kikao kingine.

"Kuna yeyote mwenye habari za mjumbe Adeng?" akauliza.

Abigael alifungua mdomo. Chini ya daftari, kidole chake kilikuwa juu ya herufi za jina lake. Aliyaona makofi yote ya miaka minne, aliwaona wakausha samaki wa Kataboi wakimpisha njia, akamwona Adeng akiingia, na kila mtu ukumbini akimgeukia jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kumgeukia yeye. Akafunga mdomo.

"Hakuna," Mzee Lokeris akasema. "Basi, kwa kuwa ajenda zimekwisha, na hakuna mengineyo, tufunge. Jelagat, utuweke sawa kuhusu hicho kiti."

"Kikao kinahesabiwa kimefungwa baada ya maombi, Mwenyekiti," Jelagat akasema. "Mnakumbuka mjumbe wetu mmoja wa Nairobi, ndege yake ilichelewa, akaingia watu wamefumba macho. Tulimwandika amehudhuria. Kwa hiyo ni baada ya Amina."

"Vizuri. Nani atatuombea? Tumpe kijana. Abigael, binti yangu, tufungie. Ndiyo kazi yako ya kwanza hiyo." Akatabasamu, na wajumbe wengine wakatabasamu, maana kila mtu alijua kile kibao kiko wapi.

Abigael akasimama. Watu wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Kule Nairobi sura isiyo na sauti nayo ikafumba.

Neno lilikuwa kwenye ulimi wake. Lilikuwa neno moja, na kila mmoja mle ndani alikuwa amelipisha njia. Angesema, "Baba, tunakushukuru kwa kikao hiki, Amina," na hakuna mtu angemlaumu, hata Zéphyrin, hata Olive aliyefikiwa na maji shingoni.

"Baba yetu," akasema, "tunakushukuru kwa kikao hiki."

Akavuta pumzi.

"Tunakushukuru kwa safari za wote waliofika. Tunakuomba, Baba, uwakumbuke na wale ambao bado wako njiani."

Akaendelea. Aliwaombea wajumbe mmoja mmoja, kwa majina, na familia zao, na watoto wao walio shuleni na wale wanaotafuta kazi. Akamwombea Mkurugenzi, na gari la Mkurugenzi, tairi zote na injini. Akaiombea Lodwar, akaingia barabarani akaombea Lokichar na Kalemng'orok na wauza mkaa wa pale, akageuka akaenda ziwani, akawaombea wageni wanaooga Eliye Springs wasizame, akapanda hadi Kataboi akawaombea samaki wakauke vizuri na mama yake asiumwe magoti. Mtu akakohoa. Jelagat akasogeza miguu. Mzee Lokeris, ambaye katika miaka yake yote ya kanisa hakuwahi kumkatiza mtu anayezungumza na Mungu, aliinamisha kichwa zaidi.

Abigael akaombea mbuzi. Akaombea ngamia. Akaombea amani mpakani, na madereva wa malori, hasa madereva wa malori, wasipunguze mwendo bila sababu. Akafika kwa Adeng. Alitaka kusema apumzike kwa amani, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, lakini ulimi ulikataa, maana hakuwa na ukweli huo. "Baba," akasema, "unaujua moyo wangu juu yake. Sitaki kusema uongo mbele yako. Naona wivu. Namwonea wivu mpaka nalala nao. Hata sasa naona." Hakuna aliyefumbua macho. Watu wa Lodwar walikuwa wamezoea kusikia zaidi ya hayo kwenye maombi. "Lakini mfikishe," akamalizia, na kwa kuwa hiyo ilifanana mno na mwisho wa sala, akaanza upesi kuwaombea wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, kijiji kwa kijiji.

Alikuwa amebakiwa na sauti kidogo sana, na watu wa kuombea karibu wamekwisha, aliposikia tone.

Tone la pili. Kisha nyayo zilizolowa, polepole, kutoka mlangoni. Kiti kikavutwa.

Abigael akafumbua macho. Adeng alikuwa amekaa nyuma ya kibao chake, akihema, mchanga wa Tarach ukiwa nyweleni na manyoya ya mbuzi begani. Maji yalikuwa yameshaanza kutambaa sakafuni kuelekea waya wa skrini.

Abigael akanyamaza bila kusema Amina. Mmoja mmoja watu wakafumbua macho.

"Amefika kabla," Jelagat akasema, akaandika.

Mzee Lokeris akashusha pumzi ndefu, akajifuta paji la uso. "Karibu, mjumbe. Kikao bado hakijafungwa. Una neno? Liwe fupi."

Adeng akasimama. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema wajitoleaji wa ng'ambo na wa huku wote wamemtuma jambo moja, kamba ya chuma juu ya Tarach. Na kama hakuna kamba, basi mto ukijaa watu wasitumwe. Alisema leo asubuhi wao wenyewe walikuwa kamba, na mikono yao imechubuka, na mtu hawezi kuwa kamba na kubeba sanduku kwa wakati mmoja. Alisema hili analisema kwa mara ya nne. Kisha akakaa.

Mjumbe wa kaunti akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Ni ushauri mzuri sana," Mzee Lokeris akasema. "Nafikiri sote tunakubaliana. Jelagat, andika kwamba ushauri umepokelewa kwa shukrani, na utawasilishwa kwa Mkurugenzi ili auzingatie."

"Umepokelewa," Jelagat akarudia, akiandika.

"Kwa shukrani," ikasema ile sauti ya Nairobi isiyo na sura.

Nje ya dirisha gari la Wakala lilikuwa linapakiwa masanduku ya chanjo kwa ajili ya Kakuma, yavushwe kesho yake asubuhi. Simu ya Abigael ilitetemeka mara moja. Zéphyrin alikuwa ameandika kwamba yeye na Olive ndio wamepangwa kuyavusha.

Mzee Lokeris akamgeukia. "Binti yangu, bado hujatufungia."

Abigael hakufumba macho mara moja. Alikwenda pembeni, akachukua beseni, akalileta na kupiga magoti karibu na kiti alichokisubiri tangu Januari. Adeng akainua miguu kidogo kumpisha. Abigael akalisukuma beseni chini ya kiti, katikati, mahali ambapo matone yalikuwa mengi.

"Ulisubiri," Adeng akasema kwa sauti ya chini.

"Nilikuahidi."

Wivu ulikuwa palepale, haukupungua hata kidogo. Abigael akarudi mahali pake, akakitia kibao chake ndani ya mfuko wa kitambaa ambamo angepakia nguo zake muda wake ukiisha mwisho wa mwezi, akainamisha kichwa.

"Amina," akasema, na kikao kikafungwa.